Michoro ya Viti Niliyoikata Kuwa Magauni

Mama Marita mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nisamehe kama mwandiko hausomeki, mimi niliishia darasa la tano, lakini nakuomba unisikilize mpaka mwisho na unijibu kwenye kipindi chako cha redio cha Alhamisi, kwa sababu Jumamosi nimeitwa kusimama mbele ya wazungu kama mwizi, na sijui niende na sura gani.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Patricia, ana miezi kumi na moja, ameanza kusimama akishika ukingo wa kitanda. Tunakaa South End, hapa Louisville, mimi na baba yake, Ombeni. Tulifika Amerika mwaka 2013 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kule kambini ndiko nilijifunza kushona, na patroni, yaani ile karatasi ya kukatia nguo, tulikuwa tunatengeneza kwa mifuko ya simenti, unakung'uta vumbi, unanyoosha kwa pasi ya makaa, unachora, unakata. Karatasi ngumu ya kahawia kwangu ni mali, na Ombeni anajua hivyo, ndiyo maana naumia.

Bon. Mwezi wa tatu Ombeni alipata kazi ya kusafisha jengo moja ambalo zamani sana lilikuwa kiwanda cha meza na viti, kilifungwa hata mama zetu hawajazaliwa. Mwenyewe ni mzee muzungu, amelirithi, anataka kuligeuza nyumba za kupangisha. Alimwambia Ombeni, vyote vilivyo ghorofa ya tatu, tupa. Donc, basi, Ombeni anatupa, siku ya pili anakuta kabati refu limejaa karatasi za kahawia zimeviringishwa kama mikeka, ndefu kunishinda mimi, akanikumbuka. Alirudi nyumbani na kumi na nne ndani ya gari, akaziingiza moja moja huku anacheka, akasema, "Bibi yangu, beba hii. Utakata patroni mpaka mikasi ilie." Mama, nilimkumbatia mbele ya majirani. Hakuna maua ambayo angeniletea nikafurahi vile.

Na kazi ilikuwepo, kwa sababu kwaya yetu ya akina mama imealikwa huko kwenu Columbus mwezi wa sita, wamama kumi na nane, kila mmoja na mwili wake, na wote wanataka gauni lenye mikono iliyojaa begani, hata wale ambao mabega yameshajaa yenyewe. Nilikunjua karatasi, nikaona zimejaa mistari ya penseli, nyeusi na nyekundu na buluu, imepandana kama nyuzi zilizofungamana, na tarakimu ndogondogo, na kwenye kona jina la mtu na mwaka 1912. Sitakudanganya, niliona. Nikasema ni vitu vya watu wa zamani, vimetupwa, nikageuza upande wa pili ulio safi, nikakata. Nilikata kumi na moja. Zikabaki tatu.

Siku kumi zilizopita akaja kupimwa dada mmoja Mkenya wa kwaya yetu, Truphosa, anasoma chuo kikuu hapa na anafanya kazi mahali wanapotunza maandishi ya zamani. Amesimama mikono juu, nampima kifua, macho yake yakaenda ukutani ninapotundika patroni, akashusha mikono, akageuza kipande kimoja kilichojikunja ukingo.

"Mama Patricia, hebu wait. Hii umeitoa wapi?"

"Si ni mkono wa gauni lako huo. Usijali, nitaongeza kidogo, umenenepa."

"Woi, sisemi mkono! Huku nyuma! Si hii ni kiti?"

Tukashusha zote, tukazigeuza sakafuni, Patricia anatambaa juu yake, na kweli, ni viti, meza, makabati, vimechorwa kwa ukubwa wake kamili ili fundi alaze ubao juu ya karatasi na kupima. Truphosa akashika kichwa. Akauliza, mbona huyu mtu amechora nusu kiti tu, nusu nyingine iko wapi. Nikacheka, nikamwambia, dada, nusu nyingine haipo, ni kama gauni, unachora upande mmoja na mstari wa katikati, ule wa vipande vipande, kisha unakunja na upande wa pili unatoka sawasawa. Na nyekundu ni kiti ukikitazama mbele, buluu ni ubavuni, nyeusi ni kutoka juu, amevipandisha ili asimalize karatasi. Nilikuwa naangalia vile vitu kwa mara ya kwanza na nilikuwa navielewa kana kwamba kuna mtu ananisomea. Truphosa akaniangalia, akasema, "Kule job tuko na moja kama hii, mwezi mzima hatujajua hizo rangi ni za nini." Nilisikia raha, Mama Marita, sikufichi. Siku ile nilijiona mtu.

Nikamweleza Ombeni alikozitoa, akaniomba ruhusa ampigie mwenye jengo. Nikakubali. Nilidhani tunafanya vizuri.

Kesho yake saa kumi mzee akaja nyumbani, Truphosa yupo, Ombeni ametoka kazini. Mzee akashika kipande kimoja, ni mkono wa gauni la Mama Nyirabeza wa kwaya, na nyuma yake kuna mguu wa kiti. Akasema mwandiko ule ni wa babu yake, ndiye alikuwa mchoraji wa kiwanda, na familia yote ilidhani michoro yake iliungua. Akauliza, nani amekata? Nani alizitoa kwenye jengo?

Na mume wangu, baba wa mtoto wangu, Ombeni yule yule wa mikasi ilie, akaninyooshea kidole. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye alikuwa anazipeleka jalalani, mke wake ndiye alizitoa kwenye gari bila kumwuliza, wamsamehe, hakusoma, hajui kitu. Alidhani sisikii! Kiingereza kukiongea ndiko kunanishinda, lakini kabla ya mtoto nilipakia maboksi ghalani mwaka mzima na watu wa hapa, nasikia kila kitu. Nikabaki nimesimama na karatasi mkononi, natabasamu kama mjinga, kwa sababu aibu ikizidi uso unafanya mambo yake. Truphosa akatazama chini.

Walipotoka nikamwuliza, Ombeni, umesema nini? Akasema, "Mama Patricia, tulia. Mzee ameniahidi kazi ya kudumu, ya kuangalia jengo. Akijua ni mimi, kazi imeenda. Wewe huna kazi ya kupoteza. Ni maneno tu." Maneno tu! Huna kazi ya kupoteza! Na magauni kumi na nane anayashona nani, paka?

Sasa mzee amesema Jumamosi vipande vyote virudishwe, yeye, Truphosa na watu wawili wa chuo watakuja nyumbani kuviona, na mimi niwepo nieleze. Ombeni anataka niombe msamaha kisha ninyamaze. Kanisani wameshasikia, Jumapili mama mmoja akaniambia, "Mama Patricia, hebu weka mikasi mbali, tuna grini kadi kwenye pochi," na benchi zima likacheka. Dada yangu Précieuse, anayekaa Cheektowaga kule Buffalo, ananiambia kwenye simu, "Tia vyote kwenye pipa, beba mtoto, panda basi. Huku chumba kipo. Abaki aeleze yeye." Na mimi mara mbili nimefika kwenye pipa, vipande mikononi, na mara mbili nimerudi navyo ndani, sijui kwa nini.

Siku tisa sijaongea na Ombeni. Nampa chakula na nampa mgongo. Na bado nampenda, Mama, ni mtu ambaye hupasha uji wa mtoto kabla hajaenda kazini, naamini anaweza kurudi kuwa yule niliyeolewa naye. Lakini nikinyamaza, mimi ni mwizi na mjinga maisha yangu yote, na mtoto wangu atakua akisikia hivyo. Nikisema, kazi ya baba yake inaondoka kwa mdomo wangu. Nifanye nini?

Mama Patricia, Louisville

*Marita anajibu:*

Mama Patricia, mwanangu, mpakate mtoto ukae chini, kwa sababu nitakupoza kisha nitakugombeza, na mumeo zamu yake inafuata.

Hasira yako ni halali. Mume kusema mbele ya wageni kwamba mkewe hajui kitu, tena kwa lugha anayodhani mkewe haisikii, hayo si maneno tu. Ni kukuvua nguo sebuleni kwako mwenyewe. Niliisoma barua yako nikiwa jikoni hapa Gahanna, kando ya Columbus, na maharage yangu yameungua kwa ajili ya Ombeni.

Sasa wewe. Uliona jina la mtu kwenye kona. Uliona na mwaka. Wewe ni fundi, unajua hakuna fundi anayeweka jina lake kwenye takataka, na bado ukageuza karatasi ukakata. Kosa hilo ni lako, usimbebeshe Ombeni. Kuuliza tu kungetosha. Na lile pipa! Mara mbili! Yule mzee ameupata mwandiko wa babu yake baada ya maisha mazima, wewe unataka kumnyang'anya kwa sababu umekasirikiana na mumeo? Précieuse nampa salamu zangu, lakini asikushauri mambo ambayo yeye hatayalipia. Ukipanda basi Ijumaa, Jumamosi Ombeni atabaki peke yake na hadithi yake, na hadithi hiyo ndiyo itakayoaminiwa.

Tena uache kujitambulisha kwa darasa la tano. Watu wenye digrii walikaa na mchoro mwezi mzima. Wewe uliusoma ukiwa umepiga magoti na mtoto anatambaa juu yake.

Fanya hivi. Kwanza nakili patroni zako zote kwenye magazeti, maana magauni lazima yaishe, Columbus tunawasubiri mkiwa mmevaa. Zile karatasi tatu nzima ziache zilivyoviringishwa, usizikunje. Kisha chukua kila kipande, hata vile vya makwapa vilivyo kwenye mfuko wa mabaki, uvipange sakafuni, karatasi moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa kabla ya mikasi. Hakuna mtu mwingine anayejua kipande gani kilikaa kando ya kipande gani. Wale wa chuo watahangaika miezi. Wewe aliyekata utamaliza kabla ya Jumamosi. Usipake gundi, usibandike selotepu. Mpigie Truphosa akuambie wanavyovishika kazini kwake, na umshukuru, maana nahisi kidogo umemnunia na yeye hana kosa.

Ombeni akirudi leo, vunja huo ukimya wa siku tisa. Mwambie, "Jumamosi nitasema ukweli. Nakupa nafasi uuseme wewe kwanza." Basi. Usilie, usianze habari za kambini, usimtaje mama yake. Mwache aende kuoga na hayo maneno.

Kuhusu kazi, sitakuahidi kitu. Inaweza kwenda. Lakini Ombeni anaogopa mahali pasipo na kosa. Mzee mwenyewe alimwambia atupe. Kuzibeba hakukuwa wizi. Asingezibeba zingekuwa zimeshaoza jalalani na mzee asingeona hata mguu mmoja wa kiti. Kosa lake ni uongo. Na mtu atakayeshika funguo za jengo la watu, akianza kwa uongo, kila mwezi atatakiwa kuongeza mwingine wa kuushikilia ule wa kwanza.

Ombeni, kama unasikiliza, na najua wanaume mnakiita hiki kipindi cha wanawake kisha mnakisikiliza ndani ya gari: ulimdhalilisha mkeo kwa Kiingereza, mbele ya mzee na mbele ya Truphosa. Mrudishie heshima yake kwa Kiingereza, mbele ya mzee na mbele ya Truphosa. Usije ukamnong'oneza samahani chumbani ukadhani umemaliza.

Na wewe mama, Jumamosi wakiingia usisimame mlangoni na sinia ya chai kama mtumishi. Kaa sakafuni penye michoro, waambie na wao wakae, uwaeleze kwa Kiswahili, Truphosa atatafsiri. Mume wako akishasema lake, mpe mtoto ambebe, kwa sababu mikono yako itakuwa na kazi. Akinyamaza, usimsubiri mara ya pili. Inua uso, mtazame mzee machoni, useme mwenyewe kwa Kiingereza chako hicho hicho cha ghalani: mume wangu aliniletea, mimi nilikata, mimi naweza kuviunganisha. Anza kuyafanyia mazoezi leo, kwa sauti, hapo hapo ulipo.