Miti Kumi na Mmoja Isiyo na Majani

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano tena. Saa mbili nzima kuhusu rangi ya utepe! Mkurugenzi anataka ukumbi mpya wa makumbusho, "Misitu ya Dunia", ufunguliwe Jumamosi ya tarehe 22. Misitu yote ya dunia, kwa wiki tatu, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya viti. Akaniuliza mimi, mtunza majani makavu hapa kwa miaka kumi na tisa, msitu upi ni mzuri kuliko yote. Nikasema ule usio na mikutano. Hakucheka. Anataka pia nyani kila ukuta, eti watoto wanapenda nyani. Hata kwenye theluji? Akasema hilo tutalifikiria.

Jumanne, 4 Machi

Seremala anatengeneza mikoko kwa mabomba ya maji. Mizizi kaipachika juu kwenye matawi. Nikamwambia inatoka kwenye shina, inashuka topeni. Akasema dada, mabomba haya hayapindi hivyo. Basi, tumepata mikoko ya sinki! Msitu wa mvua nao: majani ya plastiki kutoka kwa mpambaji wa harusi, mengine bado yana vumbi la dhahabu. Msitu wa mlimani wenye ukungu una mashine ya mvuke inayokohoa kuliko Mkurugenzi mwenyewe.

Halafu kuna mchoraji mpya. Nimembatiza Brashi, maana ana brashi sikioni hata akila. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Ukumbi ukifunguliwa vizuri, anaajiriwa. Hakusomea chochote. Aliwahi kukata miti huko kaskazini kabisa, kwenye nchi za barafu, misimu mitatu ya baridi, ndiyo digrii yake hiyo. Anaimba akichora. Ananiita dada. Dada wa nani?

Alhamisi, 6 Machi

Brashi kamaliza ukuta wa misitu inayobadilika rangi kabla ya kupukutisha majani. Nyekundu tupu. Bucha!

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekasirika, na sijutii.

Ukuta wa kaskazini umekamilika. Misonobari ya kijani, theluji, mbingu ya kijivu – haya, sawa. Lakini katikati kapanda miti kumi na mmoja mitupu! Umbo la msonobari, koni, yale matunda makavu ya magamba, matawini, jani hata moja hakuna. Nikamwuliza hii ina ugonjwa gani. Akasema haina ugonjwa, dada, ndivyo ilivyo, baridi ikikaribia inakuwa ya njano halafu inabaki fito. Nikamweleza taratibu, kama mtoto: mti wa koni, wenye majani ya sindano, haupukutishi. Ndiyo tofauti yake na ule ukuta wake wa bucha. Akacheka kidogo. Akasema yeye aliikata tu, hakuisoma.

Aliikata, hakuisoma! Mbele ya seremala!

Nimeandika ripoti kwa Mkurugenzi. Kurasa mbili. "Hana ujuzi wa msingi wala hapokei ushauri." Nilipoisoma tena nikaona ni tamu, nikaongeza aya moja. Kibao changu cha maelezo ya ukuta huo nacho nimekipeleka kikachongwe, kwa herufi za shaba: "Miti ya jamii ya misonobari haipukutishi majani yake wakati wowote wa mwaka." Watu wajifunze.

Ijumaa, 14 Machi

Brashi kaachishwa. Ilichukua dakika kumi – kumbe Mkurugenzi anaweza kuamua jambo bila mkutano! Alipita mlangoni kwangu na mfuko wake. Nilidhani atatukana. Akasema dada, samahani kama nilikukosea heshima, sikukusudia. Mke wake yuko mwezi wa nane. Walihama chumba wiki iliyopita kwa kutegemea kazi hii. Haya hakuniambia yeye, kaniambia seremala, kisha akanigeuzia mgongo. Tangu lini mimi ndiye ninayepangia watu mimba?

Seremala huyo huyo ndiye aliyeamriwa kuipaka kijani ile miti kumi na mmoja. Katumia rangi iliyobaki ya geti. Inang'aa ajabu. Lakini angalau ina majani.

Jumapili, 16 Machi

Nimemsimulia mama. Nilitegemea acheke. Aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza: "Na wewe ulifika huko lini, mwanangu?" Nikasema nina makabati arobaini ya majani, sihitaji kufika popote. Akasema, "Haya." Hiyo haya yake naijua, inakera kuliko matusi.

Alhamisi, 20 Machi

Siandiki vizuri leo.

Mkurugenzi alitaka majani halisi kwenye visanduku vya kioo chini ya kila ukuta. Nikafungua kabati la kaskazini. Kuna karatasi moja humo naijua tangu siku ya kwanza: kijiti kikavu chenye koni tatu, majani sasa hakuna. Kila mwaka nilikuta sindano kadhaa chini ya droo, nikazifagia, nikamlaani mzee aliyenitangulia kazini kwa kutojua kubandika. Nilimsema miaka kumi na tisa. Hadi kwenye mazishi yake nilimsema, kimoyomoyo.

Leo niliichukua niitupe. Nikaigeuza. Sikuwahi kuigeuza! Nyuma kuna mwandiko wake mdogo: "Tawi limechumwa mwezi wa kumi na moja. Jamii ya msonobari. Mti u hai. Hupukutisha majani yote, hurudi kuchipua. Asiyejua atadhani umekufa."

Asiyejua.

Nimekaa nayo hadi chai ikapoa. Mzembe ni mimi. Sijawahi kuandika sentensi hiyo, na inaonekana vibaya kwenye karatasi.

Kibao kimeshafungwa ukutani, kwa skurubu nane. Halafu Mkurugenzi kapita na habari njema: mgeni rasmi wa Jumamosi ni bwana misitu kutoka huko huko kwenye barafu. Atawaeleza watoto ukuta wa kaskazini!

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi nimemwambia Mkurugenzi rangi ya geti inang'aa mno, mchoraji arudishwe leo tu, arekebishe. Akasema wazo zuri. Akanisifu! Akasema ripoti yangu ilikuwa mfano wa uwajibikaji, ameiambatisha kwenye faili la Brashi, popote atakapoomba kazi wakiulizia watapewa nakala. Nikasema asante. Asante, ndivyo nilivyosema.

Kibao nimekifungua mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Skurubu saba. Ya nane imekataa, kinaning'inia upande.

Sasa Brashi yuko nje, kwenye benchi. Namsikia akimwambia seremala, "Labda wamenisamehe." Wamenisamehe! Mjinga huyu – hapana. Hapana.

Nimejipangia la kumwambia. Nitasema Mkurugenzi amebadili mawazo, anaitaka ile miti kama ilivyokuwa. Ni rahisi, Mkurugenzi hubadili mawazo kila siku, nani atauliza? Atapaka, ataenda zake, ripoti itabaki failini. Au nimwonyeshe karatasi. Iko hapa mezani, nimeweka daftari hili juu yake. Haionekani.

Anabisha hodi. Anasema, "Dada, ni mimi, niingie?"

Nimemjibu asubiri kidogo, ninaandika.