Kanda ya Mama Dukani kwa Khalfani

Jumamosi, 3 Juni 1995
Najat, mdogo wangu, kaja toka Tanga. Anataka nakala ya kanda ya singo yake, wanawake tulipomsinga kabla ya harusi – mama yumo, anacheza, wiki chache kabla hajafariki. Nimeazima deki ya pili, nikaunganisha na yetu. Picha inaingia giza, inang'aa, inakatika. Fundi kaangalia, kasema imefungwa makusudi isinakiliwe. Kanda niliyoinunua mwenyewe! Khalfani wa duka la video huyo, ndiye aliyeniuzia. Dada yake ndiye aliyeturekodi.

Jumapili, 4 Juni
Deki imetafuna kanda. Pale pale mama anapoingia. Basi tena.

Jumatatu, 5 Juni
Nimekwenda Chang'ombe, dukani kwake. Hata kichwa hakuinua. Eti kabaki na kanda mama tu, ile ya asili, na hiyo haiuzwi. "Kama unaitaka sana, sista, kodi kama wenzako."
Wenzangu? Wenzangu gani?
Kaanza kupanga kanda zilizokwisha kupangwa.

Jumanne, 6 Juni
Nimejua. Jirani yangu Chausiku kaniambia huku anaangalia chini: mumewe kaiona kwenye kibanda cha video. Wanaume watupu kwenye mabenchi, wanapiga miluzi. Mama yangu! Kichwa wazi, kanga kiunoni, na mashoga zake – ndani, milango imefungwa, tuliapiwa hakuna mwanaume atakayeona. Mie nisinakili, yeye akodishe! Wallahi Khalfani utanitambua.
Nimewaza kulichoma duka. Mafuta ya taa yapo, kiberiti kipo. Ila wanawe wanalala chumba cha nyuma. Hilo tu limemwokoa.

Alhamisi, 8 Juni
Chausiku kaikodi kwa jina lake, kaniletea ndani ya kanga. Sirudishi!

Ijumaa, 9 Juni
Khalfani keshajua kanda iko kwangu, kaja asubuhi na mjumbe, mzee Nassibu. Nimemwamkia mzee, nimemweleza yote. Kaona aibu, kakohoa. Ya kibandani atayafuatilia, ila mali ya mtu irudi – leo, baada ya sala ya Ijumaa. Khalfani kacheka: "Na usihangaike kunakili. Utaona giza tupu."
Nani kasema nanakili?
Kile kitundu ubavuni mwa kanda, kinachozuia isirekodiwe upya, nimekiziba na selotepu. Televisheni inaonyesha sijui semina gani. Irekodiwe hiyo hiyo, juu ya kila kitu! Kanda atarudishiwa. Akakodishe semina.
Najat analia – dada, hatuna mama mwingine popote. Nikamwambia ndiyo maana.
Naandika, rimoti iko mapajani. Mama kaingia. Ananiita mie, niliyejificha nyuma ya mpiga kamera: we Mwanaheri, njoo hapa, haya ya nini? Nimemwambia Najat, wimbo huu ukiisha tu, narekodi.
Umekwisha.
Nimerudisha nyuma, uanze tena. Ndala zinaburuzwa nje, wametoka msikitini. Najat kanishika mkono. Hodi ya kwanza hiyo –