Pishi Sita za Kijakazi

Mwanasiti, usicheke kwanza. Nakuandikia hapa hapa Pongwe arusini, tena nimesimama, maana kukaa siwezi.

Jana mwanangu Kombo alisema atatuleta kwa pikipiki yake, mimi na mke mwenzangu Kijakazi, mmoja mmoja, kwa njia ya mkongeni. Springi za nyuma zilikuwa zinalala mno. "Mama, panda nipime." Akapima kwa futi yangu ya cherehani, toka gurudumu hadi madigadi, kwanza pikipiki tupu, kisha mimi nikiwa juu.

Nami ndani ya buibui nimejifunga pishi sita za mchele! Nilitaka azikaze springi mpaka Kijakazi, na wembamba wake ule wa ufito, arushwe njia nzima.

"Lo, Mama! Umeshuka inchi nne!" Akazikaza, akazikaza.

Leo asubuhi, na akili zangu zote, nikauacha mchele uvunguni nikapanda wa kwanza.

Kila shimo, niko hewani. Hewani, shoga! Kombo anauliza, "Mama, bado upo?"

Kisha akaletwa Kijakazi. Katulia kama yuko kitandani, hata ushungi haukusogea. Akashuka, akafungua buibui, akanikabidhi mchele wangu.

"Shikamoo, dada. Uliusahau uvunguni."

Jioni tunarudi, na wapishi wameshautia chunguni. Wewe si unakuja na lori la adhuhuri? Niletee pishi sita na kamba. Kijakazi asikuone.