Mlinzi wa Mikoba Ametoka

Denise,

Mayai yako kwenye friji. Mjukuu wangu Cody mpake mafuta ya jua, jana pua ilimbabuka.

Asubuhi yule aliyeleta kigari cha umeme mlichonikodia aliuliza ni cha nani. Ukamjibu, "Cha mama, huyo hata geti la bustani hafiki." Nami nimesimama nyuma yako na kikombe changu cha kahawa.

~~Nimelala, msiniamshe.~~ Nimetangulia na hicho kigari kwenye bustani ya michezo. Jana kutwa mliniweka kwenye benchi na mikoba yenu, eti nipumzike. Leo napanda ile treni inayopindua watu.

Fulana za familia nimezipiga pasi. Yangu, ile mliyoiandika "Mlinzi wa Mikoba", avae mumeo.

Mama yako