Masera, Leo Nimeipeleka Sahani

Masera Nora,

Leo ni tarehe kumi na saba Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi wenu, ya kwanza tangu tulipokuzika. Asubuhi nilishuka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, hapa Buterere, nikachuma vile vijani vya majani matatu ulivyokuwa ukitubandika kifuani kwa pini, sisi wanafunzi wako wa cherehani pale kwenye nyumba yenu ya watawa.

Mwaka ule wa kwanza nilikuuliza kama kweli ndiyo majani ya kwenu Ayalandi. Ukacheka, ukanijibu kwa Kiswahili chako cha kigeni: "Apana yenyewe, lakini Mungu anajua kuhesabu mpaka tatu." Ukasema watu husimulia kwamba Patrisi aliwafundisha Waayalandi Utatu kwa jani kama hilo, ila mwenyewe huna uhakika. Nilikupenda kwa hilo.

Na zile brosheti, mishikaki ya mbuzi, Kwaresima katikati! Akina mama wa parokia walikuona umepotea. Uliwajibu kwamba kwenu siku hiyo mfungo hulegezwa, watu hutoka misa wakala na kucheza. Mimi sikubisha, nilikula.

Hadithi ya Patrisi ndiyo iliyonichoma. Kijana amekamatwa kwao, amepelekwa Ayalandi kuchunga kondoo wa watu, ametoroka, amefika nyumbani. Halafu anarudi kwa walewale waliomfanya mtumwa, kwa hiari yake! Nilikuambia huyo mtakatifu wako hana akili.

Ulijua kwa nini nimekasirika. Jirani yetu Mama Goreti aliingia kuishi katika nyumba yetu ya Gasenyi tulipokuwa wakimbizi kambini Tanzania, na tuliporudi hakutufungulia hata tuchukue picha ya baba, ile moja tu tuliyokuwa nayo. Kila sikukuu ya Patrisi uliniomba nimpelekee sahani ya brosheti. Kila mwaka nilikataa. Mwaka jana ulikuwa kitandani, sauti haitoki, bado ukaninyooshea sahani ile. Nikageuza uso. Naona aibu mpaka leo, Masera.

Basi leo nimekwenda kwa Mama Goreti na sahani ile. Amezeeka, haoni vizuri. Nilipotaja jina langu alisogea mlangoni nipite. Nikambandika jani kwenye kitenge, kwa sababu wewe ungefanya hivyo, tukakaa, tukala. Msamaha hakuomba. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza picha iko wapi.

"Niliichoma, mwana wangu. Ilikuwa inaniangalia kila siku."

Nilitaka kuondoka. Nililia mbele yake, nyama ikiwa bado mkononi, naye akalia upande wake, kila mtu kivyake. Kisha nikamaliza kula.

Sijamsamehe, nisikudanganye. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakusemesha kwa hasira, watu wakanitazama. Lakini wakati naaga aliniuliza kama nitarudi, na nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Pumzika, Masera wangu. Nimekwisha kusema ndiyo. Nitarudi.

Mwanao,
Espe