Vidonge Ndani ya Uji

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimemwogesha mume wangu Muriuki, nimemfunga vifungo, nimemnywesha chai. Wifi yangu Karimi alifika saa moja kasoro, nami nikaenda shuleni. Vipindi vitano. Jioni nimemkuta Muriuki amevaa koti la kazi, anasubiri gari la idara ya mifugo limpeleke Ruiri kuchanja ng'ombe. Alistaafu miaka minne iliyopita. Nimemwambia gari limeharibika. Amekubali. Kila jioni gari limeharibika.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Karimi husoma Biblia ya Kimeru tu. Sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Jumatano, 5 Juni
Barua ya Nkirote. Nilimfundisha baiolojia hapa shuleni Kaaga, sasa anasomea udaktari wa ubongo ng'ambo. Nilikuwa nimemwandikia kuhusu mume wangu. Ametuma nakala ya makala, kurasa sita.

Nimeisoma mara mbili katika chumba cha walimu. Inahusu seli tegemezi, zile zinazozunguka seli za neva. Miaka ishirini na mitatu nimewaambia wasichana kwamba kazi yake ni kushikilia tu, kama gundi. Sentensi moja, tunaendelea. Kumbe zinalisha neva, zinasafisha taka, zinalinda. Na katika ugonjwa huu wa kusahau baadhi yake huwaka kama kidonda chenye uvimbe, zikaanza kuumiza kile zilichopaswa kulinda. Wataalamu wanajiuliza kama kuzituliza kutapunguza kasi ya ugonjwa. Yaonekana watu wanaotumia dawa za uvimbe wa viungo kwa muda mrefu hawaupati sana. Ni dhana bado. Nkirote ameandika pembeni: Mwalimu, hii si tiba.

Ijumaa, 7 Juni
Karimi anataka tumpeleke kwa mhubiri mmoja Timau anayewekea wagonjwa mikono. Anasema mimi nasoma sana, siombi. Labda.

Leo Muriuki alimwita dada yake kwa jina. Mimi aliniita "huyu mama". Nimemwonea wivu mwanamke wa miaka sabini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimenunua dawa ya viungo mjini. Nilimwambia muuza dawa ni ya magoti yangu. Magoti yangu ni mazima. Nimesaga kidonge kimoja, nikakikoroga ndani ya uji. Akanywa wote.

Sikumwambia Karimi. Sikumwambia Gatwiri, binti yetu, ambaye ni muuguzi Embu. Angekataa. Ndiyo sababu sikumwambia.

Jumapili, 16 Juni
Nilikuwa namenya viazi. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, umekonda."

Mwalimu. Ndivyo alivyoniita tangu tulipokuwa wachumba. Sikuwa nimelisikia jina hilo tangu Krismasi. Niliingia stoo nikalia kati ya magunia ya maharagwe.

Ni dawa, au ni siku njema tu? Ningekuwa darasani ningeuliza. Sikuuliza. Kuanzia kesho atakunywa viwili.

Jumanne, 18 Juni
Kidato cha tatu. Nusu ya kipindi kwa seli tegemezi. Msichana mmoja akauliza kama ugonjwa wa kusahau una dawa. Nikamwambia hauna. Nikarudi nyumbani nikakoroga uji.

Jumatatu, 24 Juni
Hataki kula. Anashika tumbo. Hawezi kueleza panapouma. Ameniambia ng'ombe amemeza msumari. Nimemwambia ng'ombe atapona.

Nimempa vidonge. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: nilijua dawa hii huweza kuumiza tumbo, na nimempa.

Jumatano, 26 Juni
Asubuhi choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Kisha akatapika damu, akaanguka mlangoni. Jirani alitupeleka hospitalini kwa pikapu yake. Karimi alipakata kichwa, mimi miguu.

Daktari, kijana mpole, akauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Karimi akajibu kwanza kwamba hakuna. Daktari akanigeukia.

Nikasema, "Hakuna."

Alhamisi, 27 Juni
Ameongezwa damu, chupa mbili. Uso wake una rangi ya jivu. Gatwiri alifika kutoka Embu adhuhuri. Alisoma kadi ya baba yake, akaanza kumsugua miguu, ilikuwa baridi. Nikashindwa kukaa.

Nilimfuata daktari hadi mlangoni kwake. Nikamwambia, "Jana nilidanganya. Nimekuwa nikimpa dawa ya viungo kwa siri, siku kumi na nane." Nikamweleza habari za makala, seli, uji. Aliandika yote. Akasema dawa ile imechimba kidonda tumboni, na sasa anajua la kufanya. Akasema, "Umefanya vizuri kusema. Jana ingekuwa vizuri zaidi."

Ni kweli.

Ijumaa, 28 Juni
Nimewaambia wote wawili, pale pale kando ya kitanda.

Gatwiri aliuliza jambo moja tu. "Mama, kwa nini hukuniuliza?" Nikamwambia niliogopa jibu lake. Akachukua kikombe cha baba yake, akaenda kukiosha. Alikaa huko muda mrefu kuliko kikombe kimoja kinavyohitaji.

Karimi nilidhani atanilaani. Alipiga magoti akaomba kwa Kimeru. Alimwombea ndugu yake, daktari, wauguzi, Gatwiri na watoto wake. Nilisubiri jina langu. Akasema amina.

Jumapili, 30 Juni
Damu imekoma. Jana alikunywa maziwa. Gatwiri amerudi Embu, chakula nilichompikia hakukigusa. Ila alisema atapiga simu ofisini kwa mwalimu mkuu kila Ijumaa. Nimeshikilia hilo.

Nimemwandikia Nkirote ukweli wote. Alinionya, nami nilisoma nilichotaka kusoma. Siku moja labda watajua jinsi ya kuzituliza seli hizo bila kumtoboa mtu tumbo. Haitatufaa sisi. Muriuki hana miaka hiyo.

Jumamosi, 13 Julai
Tuko nyumbani. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri. Nimempondea mukimo laini wa viazi na maharagwe, amekula nusu sahani. Karimi haji Jumamosi siku hizi.

Saa tano nilimaliza kufua, nikatoka barazani. Alikuwa kwenye benchi, amejifunika blanketi. Aliponiona alisogea, kwa ile adabu yake ya kupokea wageni. Akanieleza kwa Kimeru kwamba mwenye nyumba hayupo.

"Mke wangu yuko shuleni. Mngoje, hachelewi."

Nikamwambia nitamngoja. Akanigawia nusu ya blanketi, tukakaa.