Subaru Yako Imevuka Daraja

Somersworth, New Hampshire
Jumapili, 19 Juni 2016

Mpendwa Shangazi Claudette,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska. Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi hapa ni wazima. Bibi bado anapika maharage kila Jumamosi, na bado hataki mtu ashike mwiko wake.

Nimemaliza shule, shangazi. Siku uliposema Subaru yako uliyoiacha hapa iwe yangu nilijifungia chooni nikalia, wasinione. Nimepata kazi ya kuwatunza wazee huko Berwick, ng'ambo ya mto, na bila gari sifiki.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Ukivuka tu daraja uko jimbo la Maine, na Maine hawataki mtu aendeshe bila bima. Unamjua baba. Hapa kwetu sheria haimlazimishi kukata bima, basi kwake kuikata ni kukiri kwamba hajui kuendesha.

"Delphine, nimeshika usukani kabla hujazaliwa. Nimegonga nini mimi?"

"Kisanduku cha barua cha padri," Bibi akajibu kutoka jikoni.

"Mama! Kile kilisimama vibaya!"

Alisema nitafute kazi upande wetu huu. Lakini wazee wale nilishawaona, shangazi, na moyo wangu ulikuwa umebaki huko.

Unajua ninavyoogopa simu. Nilifanya mazoezi mbele ya jiko kabla ya kumpigia Bi Ouellette, wakala wa bima, halafu nikasahau hata jina langu. Alicheka kwa upole, akanieleza. Bima wanayoitaka Maine kubwa yake ni kuwalipa watu utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako mwenyewe likibondeka, shauri yako. Kwa hiyo naomba radhi mapema kwa ajili ya Subaru. Akasema hata hapa kwetu, ukimgonga mtu ni lazima ulipe, na ukishindwa waweza kunyang'anywa leseni.

Nilimweleza baba mezani, nikitazama sahani.

"Baba, sijasema hujui kuendesha. Namfikiria huyo nitakayemgonga mimi. Atatibiwa na nani?"

Aliongeza maharage, akala mpaka akamaliza. Wiki iliyofuata nilikata bima, na hakunizuia.

Jumatatu iliyopita nilipoondoka kwenda kazini, alinifuata na pikapu yake, eti anasikiliza breki zangu. Nilipovuka daraja nikatazama kioo, simwoni. Nikaegesha kando. Kumbe ameiacha pikapu upande wetu, anakuja kwa miguu, akihema.

"Mbona umesimama? Utachelewa!"

"Na wewe mbona hukuvuka?"

"Nitavukaje, sina bima!"

Akapigapiga paa la gari kama mtu anavyompigapiga farasi mgongoni. Kisha akainama dirishani.

"Huyo Bi Ouellette, ofisi anafungua saa ngapi? Nauliza tu."

Leo ni siku ya akina baba, na nimemwokea keki ya chokoleti. Ukimpigia, usimwambie nimekusimulia. Alikwenda kwa Bi Ouellette Jumatano, akiwa amevaa shati la kanisani, akarudi na karatasi ya bima mfukoni, na mpaka leo anasema alikwenda kuuliza tu.

Nisalimie Anko Warren na binamu yangu Odile. Bibi anakubusu mashavu yote mawili. Mungu akulinde kwenye barabara zenu za barafu, nawe uniombee kwenye hii yangu fupi.

Mwanao akupendaye daima,
Delphine